Kufumua, Kutatana, Kutatua: Uchambuzi wa "Ravel" na "Unravel"

Mwangalie mama anayefumua sweta ya mtumba ili apate uzi wa kumfumia mtoto kofia. Kwanza hutafuta mahali mfumaji alipomalizia kazi, hukata fundo kwa wembe, kisha huvuta. Safu moja inaachia, ya pili inaifuata, na uzi unatoka umejikunjakunja, bado umeshika umbo la vitanzi ulimokaa miaka yote. Asipokuwa na mtoto wa kumnyooshea mikono ili amzungushie uzi, baada ya dakika chache ile sweta iliyokuwa na mpango wake imekuwa rundo miguuni pake, na rundo lenyewe limetatana. Mkono umetenda tendo moja, lakini yametokea mambo mawili: sweta imefumuka, na uzi umetatana.

Kiswahili kimeyapa mambo hayo vitenzi viwili. Kiingereza kiliyapa kitenzi kimoja, "ravel". Kisha kikazaa cha pili, "unravel", ambacho kwa sura yake kilipaswa kuwa kinyume cha cha kwanza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kiambishi "un-" hugeuza maana huona mambo yakienda sawa kwa muda mrefu: "tie" ni kufunga, "untie" ni kufungua, "fold" ni kukunja, "unfold" ni kukunjua, "lock" ni kutia kufuli, "unlock" ni kuitoa. Akifika kwenye "ravel" na "unravel", kamusi inamwambia kwamba "unravel" ni kufumua, na kwamba "ravel" nayo ni kufumua. Akisoma mstari unaofuata anaambiwa tena kwamba "ravel" ni kutatiza, yaani kuufanya uzi uvurugike. Kwa hiyo neno moja linasimama pande zote mbili za ukuta, na kiambishi kilichokuja kulipinga kimeishia kulirudia.

Walimu wengi huliweka jambo hili kwenye kapu la "vioja vya Kiingereza" na kuendelea na somo. Mimi naona tunapoteza kitu kikubwa tukifanya hivyo. Maneno haya mawili hayajakosea. Yalizaliwa na watu walioushika uzi kwa vidole, wakaona kwamba kulegea kwa nguo na kuvurugika kwa nyuzi ni tukio moja lenye ncha mbili. Anayetaka kujua lipi ni lipi hatasaidiwa na kiambishi. Itambidi aulize swali la fundi: kilichoachana ni kitu gani?

Neno la ukingoni mwa nguo

"Ravel" iliingia katika Kiingereza kwenye nusu ya pili ya karne ya 16, kutoka Kiholanzi, ambako kitenzi "rafelen" kina maana ya nguo kuchakaa ukingoni na kuachia nyuzi. Uzi mmoja unaoning'inia hivyo huitwa "rafel" hadi leo. Hizo ndizo zama ambazo wafumaji wa Uholanzi na nchi jirani walikuwa wakihamia Uingereza kwa wingi, wengine wakikimbia mateso ya kidini na wengine wakifuata kazi. Mwaka 1565 mji wa Norwich ulikaribisha kaya 30 za wafumaji, wengi wao Waholanzi na wengine Wawaloni, jirani zao waliosema Kifaransa, ili waifufue biashara ya nguo iliyokuwa imedorora. Lugha za pande zote mbili za bahari inayozitenganisha nchi hizo zilikutana kwenye kitanda cha mfumi, mtambo wa kufumia nguo, na kwenye meza ya muuza nguo.

Ukitaka kuielewa "ravel", basi, anzia ukingoni. Nguo ya kufumwa ina nyuzi za namna mbili. Mtande ni zile zilizonyooshwa kwa urefu, na mshindio ni ule unaopita juu na chini yake kutoka upande hadi upande. Katikati ya nguo kila uzi unabanwa na wenzake, hauna pa kwenda. Pale nguo ilipokatwa, uzi wa mwisho wa mshindio hauna jirani wa kuushika. Unachomoka. Ukishachomoka, nyuzi za mtande zilizokuwa zimekaa kwa adabu zinabaki zikipeperuka, na nyuzi zinazopeperuka hazikawii kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ukingo umefumuka na papo hapo umetatana. Mholanzi aliyetoa jina kwa ajili ya tukio hilo hakuwa na sababu ya kutoa majina mawili.

Watu wa pwani yetu wanaujua ukingo huo vizuri. Ncha za kikoi huachwa bila mshindio kwa makusudi. Zingeachwa hivyohivyo zingetatana na nguo ingeendelea kufumuka kuelekea ndani. Kwa hiyo mkono huzigawa katika vishada na kuvisokota kimoja kimoja, na yale yaliyokuwa mwanzo wa uharibifu yanakuwa pambo, matamvua. Msokoto mdogo umezuia mambo yote mawili ambayo "ravel" inayataja.

"Unravel" ilijitokeza muda mfupi baadaye, karne ya 17 ilipokuwa ikianza. Tangu hapo maneno yote mawili yameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 400. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755, "ravel" aliipa maana ya kutatiza na pia maana ya kufumua, moja baada ya nyingine, wala hakuifuta hata moja kwa ajili ya kunyoosha mambo. Leo hii "unravel" imetawala katika mazungumzo na magazeti, na "ravel" imebaki kwa mafundi, waandishi na wapenzi wa maneno. Lakini haijafa, na jina lililotokana nayo, "ravelling", bado ni uzi uliochomolewa kwenye nguo, ule unaoweza kutumiwa kuirekebisha nguo ileile kwa rangi yake yenyewe.

Shakespeare na hariri isiyosokotwa

Mwandishi mmoja anatosha kuonyesha kwamba maana zote mbili zilikuwa hai kwa wakati mmoja. Katika Hamlet, mwanamfalme anapomwonya mama yake asije akaifichua siri yake kwa mumewe, Shakespeare anatumia "ravel" pamoja na "out", yaani nje, kwa maana ya kuufumua mpango wote hadi uonekane. Katika Richard II anaitumia kwa mtu anayetakiwa kuyafumua hadharani makosa aliyoyafuma. Katika Macbeth, iliyoandikwa yapata mwaka 1606, neno lilelile linaelekea upande wa pili. Macbeth amekwisha kumuua mfalme Duncan usingizini, na anausifu usingizi alioupoteza. Anausema kama kitu kinachounganisha tena kile ambacho masumbuko ya mchana yamekivuruga. Hapo "ravelled" inasomeka vizuri kwa maana ya kutatana.

Na jina la kitu kilichotatana lina kisa chake. Toleo la mwaka 1623, lile la kwanza kukusanya tamthilia zake nyingi katika kitabu kimoja, liliandika neno linaloonekana kuwa "sleeve", mkono wa shati. Katika karne ya 18 wahariri walianza kuona kwamba neno lililokusudiwa ni "sleave". Matamshi ni yaleyale, tahajia zimetofautiana kwa herufi moja, na asili zao ni mbalimbali kabisa. "Sleeve" inatokana na neno la kale la kuvaa kwa kupenyeza. "Sleave" inatokana na neno la kale la kugawanya, na maana yake ni hariri ambayo haijasokotwa, yaani fungu la nyuzi laini zilizotengwa mojamoja.

Tofauti hiyo inabadilisha picha nzima. Kama ni mkono wa shati, masumbuko yameuchakaza ukingo wake na usingizi unaushona upya. Kama ni hariri isiyosokotwa, masumbuko yameivuruga na usingizi unaipanga na kuikusanya. Katika picha ya kwanza "ravelled" ni kufumuka. Katika ya pili ni kutatana. Wahariri wengi wa leo wamechagua hariri, nami naona wamechagua vema, kwa sababu usiku wa mtu mwenye mashaka haufanani na nguo yenye tundu. Unafanana na nyuzi nyingi laini ambazo kila ukivuta moja unakaza nyingine. Samuel Mushi, aliyekileta kisa hiki kwa Kiswahili kwa jina la Makbeth mwaka 1968, alikuwa na mzigo huo mbele yake. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kubaki katikati. Ni lazima achague kama masumbuko yametatiza au yamefumua.

"Un-" mbili zilizofanana sura

Inabaki kueleza kwa nini kiambishi hakikufanya kazi yake. Jibu liko kwenye historia ya kiambishi chenyewe. "Un-" ya Kiingereza cha leo ni watu wawili waliovaa nguo moja. Wa kwanza ni wa kukanusha, naye hukaa mbele ya sifa: "happy" ni mwenye furaha, "unhappy" ni asiye na furaha. Ndugu zake wako katika Kijerumani, Kilatini na Kigiriki. Wa pili hakuwa wa kukanusha. Katika Kiingereza cha kale alitamkwa tofauti, naye alikaa mbele ya vitenzi kuonyesha kwamba tendo linarudishwa nyuma au kitu kinaondolewa pale kilipokuwa. Karne zilipopita matamshi yao yakaungana.

Kuungana huko kumeacha makovu. Neno "unlockable" linaweza kuwa sifa ya mlango usiowezekana kufungwa kwa kufuli, au ya mlango unaowezekana kufunguliwa. Mwingereza anategemea mazingira ya mazungumzo ili ajue. Kiswahili hakina shida hiyo: mlango usiofungika ni mmoja, mlango unaofungulika ni mwingine. Ukanushaji wetu unakaa mbele ya mzizi na utenguzi unakaa nyuma yake, havikutani njiani.

Lakini "unravel" haielezwi na mkanganyiko huo peke yake. Kuna kazi ya tatu ya "un-" ambayo vitabu vya shule huiacha. Mbele ya kitenzi ambacho tayari kina maana ya kuachia, kiambishi hiki hakigeuzi kitu. Kinatilia mkazo kuachana. "Loose" kama kitenzi ni kulegeza, na "unloose" ni kulegeza vilevile. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaitumia "unloose" pale Yohana Mbatizaji anaposema hastahili hata kuinama afungue viatu vya anayekuja nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuelewa kwamba Yohana alitaka kuvifunga. "Unravel" iko katika ukoo huo.

Kukisoma kiambishi vibaya kunaweza kuwa hatari. Neno "inflammable" lina maana ya kitu kinachoshika moto upesi, kutokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha. Lakini "in-" yake inafanana na "in-" ya kukanusha, na kuna hofu kwamba mtu anayeisoma ubavuni mwa pipa anaweza kudhani kilichomo hakiwaki. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kujikinga na moto, National Fire Protection Association, kilihimiza itumike "flammable" badala yake. Ndiyo maana malori mengi ya mafuta leo yameandikwa "flammable". Kwenye nguo tunaweza kuvumilia kiambishi kinachopotosha. Kwenye petroli, hapana.

Msokoto ndio unaoamua

Wanaozungumza kuhusu nyuzi bila kuzishika husahau kwamba uzi wenyewe ni kitu kilichoshikamana kwa muda tu. Unywele mmoja wa pamba una urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi. Shati lina nyuzi za mita nyingi. Hakuna gundi. Kinachozishika nywele hizo fupi zikawa kitu kimoja kirefu ni msokoto: zinaposokotwa zinabanana, na kadiri uzi unavyovutwa ndivyo zinavyozidi kubanana. Ondoa msokoto, na uzi unaachana mkononi kama ukungu.

Kamba huenda hatua moja zaidi. Nyuzi husokotwa kuelekea upande mmoja zikawa vishina, kisha vishina vikasokotwa pamoja kuelekea upande wa pili. Kila kishina kinataka kujifungua, lakini kujifungua kwake ndiko kunakokaza msokoto wa kamba nzima, na kamba nayo ikitaka kujifungua inakaza vishina. Wanawake wa Zanzibar wanaosokota usumba wa makumbi ya nazi wanaijua kanuni hii kwa mikono. Nguvu ya kamba ni misokoto miwili inayozuiana.

Kwa kuwa msokoto ndio unaoamua, viwanda vya Kiingereza vimebuni maneno ya kuzitenga hatua za kabla yake, na hapo napo majirani wawili huchanganywa. "Sliver" ni mkanda mnene wa nyuzinyuzi zilizochanwa na kulazwa upande mmoja, usio na msokoto wowote. "Roving" ni mkanda huohuo ukishavutwa ukawa mwembamba na kupewa msokoto kidogo, wa kuuwezesha tu kujishikilia unapozungushwa kwenye bobini ya mashine. Wanaosokota kwa mikono majumbani huita vyote "roving" bila kujali. Kiwandani hawawezi kufanya hivyo, maana huo msokoto kidogo ndio tofauti kati ya mkanda unaobebeka na mkanda unaokatika kwa uzito wake wenyewe.

Namna nguo ilivyotengenezwa nayo inabadilisha maana ya kufumuka. Kitambaa kilichofumwa kwenye kitanda cha mfumi kinafumuka ukingoni, polepole, na pindo la fundi cherehani linatosha kukizuia. Sweta ni uzi mmoja uliopitishwa katika vitanzi maelfu, kila kitanzi kikimshika mwenzake. Kikikatika kimoja, kinachokitegemea kinaachia, na kinachomtegemea huyo kinaachia vilevile. Ndiyo sababu wafumaji wa sweta wa Kiingereza hawakuridhika na "ravel" wala "unravel". Kwa kurudi nyuma kitanzi kimoja kimoja bila kuiachia sindano, wamejiundia kitenzi "tink", ambacho ni "knit" iliyoandikwa kinyumenyume. Mafundi walipohitaji neno la kurudi nyuma lisilo na utata, hawakukitegemea kiambishi. Waliligeuza neno zima.

Kiambishi chetu nacho

Kiswahili kina utaratibu mzuri wa kutengua. Shuleni tunauita kauli ya kutendua. Fuma, fumua. Fumba, fumbua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Ziba, zibua. Funika, funua. Anika nguo asubuhi, anua jioni. Mzizi ukiwa na irabu "o", mwisho nao unaifuata: chomeka, chomoa, sokota, sokotoa. Zamani mwisho huo ulikuwa na "l", kama ulivyo hadi leo katika lugha nyingi za Kibantu, na "l" hiyo inarudi mara nyingi kitenzi kinaponyambuliwa: fumuliwa, fumulia, fungulika. Unyambuaji huu una umri mkubwa kuliko Kiswahili chenyewe.

Ni rahisi basi kusema kwamba sisi tumeliweka sawa jambo ambalo Waingereza wameshindwa. Haki inataka tutazame vizuri zaidi. Kuna "kama" na "kamua". Kukama ni kuminya chuchu ya ng'ombe ili maziwa yatoke, na kukamua ni kuminya ili kilichomo kitoke. Hakuna anayekamua maziwa kwa kuyarudisha kiweleni. Kuna "songa", kubana, na "songoa", kubana kwa kunyonga, kama anavyosongolewa kuku au nguo iliyolowa. Kuna "chimba" na "chimbua". Katika jozi hizi mwisho wa "-ua" haugeuzi tendo. Unaeleza kwamba kitu kimetolewa kutoka ndani ya kingine, kwa nguvu au kwa ukamilifu.

Kwa hiyo wataalamu wa lugha za Kibantu wana sababu nzuri ya kusema kwamba maana ya msingi ya kiambishi hiki ni kutenganisha, na kugeuza ni tawi lake moja. Kufungua ni kutenganisha vilivyofungwa, kukamua ni kutenganisha maziwa na kiwele. Mwanga huo huo unaiangazia "unravel": "un-" yake inatenganisha, haigeuzi. Lugha mbili zisizo na undugu, moja ikiweka alama mbele ya mzizi na nyingine nyuma, zimefika mahali pamoja kwa sababu zimetazama kitu kimoja. Kurudi nyuma na kuachana ni mambo yanayofanana mno machoni pa anayetazama mkono ukifanya kazi.

Tena tunayo "ravel" yetu. Ni "tatua". Mzizi wake ni "tata", uliotupa kutatana, utata, kutatiza na tatizo. Kutatua kwa maana ya kwanza ni kuondoa utata, kuuachanisha uzi ulioshikana. Lakini kamusi zetu zinaipa "tatua" maana nyingine pia, ya kurarua, na nguo iliyotatuka ni nguo iliyochanika. Tendo la kuponya uzi na tendo la kuumiza nguo yamelala katika kitenzi kimoja. Kila tunaposema serikali itatue tatizo la maji tunasema maneno ya mtu mwenye uzi mapajani, hata kama sote tumesahau, na anayevuta uzi kwa pupa anajua jinsi kutatua kwa kwanza kunavyoweza kuishia katika kutatua kwa pili.

Kwa mfasiri na mwandishi wa habari

Mambo haya yana matokeo ya kila siku. Vyumba vyetu vya habari hupokea taarifa za Kiingereza kwa mamia, na "unravel" imo humo kila wiki. Anayeifasiri kwa neno moja kila mahali atakosea mara nyingi, kwa sababu Kiingereza kinaitumia kwa heri na kwa shari bila kubadilisha sura. Fumbo likifanya hivyo, watu wanafurahi. Ndoa ikifanya hivyo, watu wanalia.

Swali la fundi linaondoa shida: kilichoachana ni nini? Kikiwa ni nguo, sweta au mshono, umefumuka. Kikiwa ni kamba au uzi uliosokotwa, umesokotoka. Kikiwa ni fundo, limefunguka. Kikiwa ni vurugu ya nyuzi iliyopangwa ikakaa sawa, imetatuliwa. Kikiwa ni siri iliyofungwa kwa makusudi, Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina: fumbo lililofumbwa hufumbuliwa, na kitendawili kilichotegwa huteguliwa kama mtego. Kila kimoja kina jozi yake, na jozi hiyo inamtaja hata aliyeficha. Mpelelezi anayefumbua fumbo anashindana na mtu aliyelifumba.

Shari nayo ina ngazi zake. Muungano wa vyama, mkataba au ndoa iliyokwisha haisemwi kwamba imefumuka. Tunasema imevunjika, imevurugika, imesambaratika. Magazeti yetu hutumia "fumua" pale kocha anapofumua kikosi au rais anapofumua baraza la mawaziri, na hapo neno limekaa mahali pake, maana kinachofumuliwa kinatazamiwa kufumwa tena. Ndivyo isemavyo saluni: nywele hufumuliwa ili zisukwe upya. Miongoni mwa wasusi wa vyondo nchini Kenya, kuna wanaonunua sweta za mitumba wakazifumua ili uzi wake uingie katika vyondo vipya. Kilichosambaratika hakina ahadi hiyo. Mwandishi anayeandika kwamba mkataba wa amani umefumuliwa wakati umesambaratika amewaambia wasomaji kwamba kuna mtu amekaa na uzi mkononi, tayari kufuma tena. Watu wanaokimbia vita wana haki ya kupewa neno la kweli.

Kazi ya kuchambua

Katika utenzi wa Kigiriki wa Odyssey, Penelope anazongwa na wachumba wakati mumewe hajarudi kutoka vitani. Anawaambia wasubiri hadi amalize kufuma sanda ya baba mkwe wake, Laertes. Mchana anafuma, usiku anafumua kwa mwanga wa mienge, na kwa miaka mitatu hila hiyo inafaulu. Kitenzi ambacho Kigiriki kinakitumia kwa kazi yake ya usiku ni "analuo", kufungua hadi mwisho. Kutoka kitenzi hicho likapatikana neno "analysis", ambalo leo hutumika katika maabara, benki na vyuo vikuu.

Kiswahili hakikulikopa neno hilo. Kilikuwa na lake. Kuchambua ni kuitoa pamba mbegu na takataka ili nyuzinyuzi zake zibaki safi. Ni kuzitenga karafuu na vikonyo vyake, kama wanavyofanya watu wa Pemba wakati wa mavuno, wameketi kuzunguka jamvi, vidole vikienda. Kutoka kazi hiyo tukapata mchambuzi na uchambuzi. Mgiriki alianza na nguo akaifumua. Sisi tulianza na pamba kabla haijawa uzi. Wote tuliona kwamba kuelewa kitu ni kuachanisha sehemu zake kwa mkono wenye subira.

"Ravel" inatufundisha upande wa pili wa kazi hiyo. Ukifumua bila kuukusanya uzi, umeongeza utata palepale ulipodhani unaupunguza. Yule mama wa sweta ya mtumba analijua hilo. Havuti safu ya pili kabla hajauzungusha uzi wa safu ya kwanza, na ndiyo maana jioni atakuwa na donge moja la uzi, limekaa vizuri kapuni, likisubiri sindano.